Shajara ya kuchomoa bastola: muda unapotelea kwenye shati

Aprili, masika yamepamba moto

Lengo nimeliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: mikono inaanza ikiwa inaning'inia ubavuni, shati limefunika kila kitu, na mpaka bastola inyooshwe na kutulia kwenye karatasi iliyo mita sita na nusu, zisipite sekunde moja na nusu. Mita sita na nusu ndiyo nafasi iliyopo kutoka geti letu hadi kizingiti cha baraza, hapa Chumbageni, Tanga. Bahati nzuri ni karibu sawa na yadi 7, umbali ambao wapiga bastola wa Marekani hupenda kujipimia, kwa hiyo nina cha kujilinganisha nacho.

Sababu ni kazi. Nanunua machungwa Muheza na wakulima wengi wanataka noti mkononi kabla gunia halijafungwa. Leseni ninayo, na masharti ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayafuata bila kinyongo. Kweli, M-Pesa imekula nusu ya sababu yenyewe. Msimu huu nimebeba fedha taslimu kidogo kuliko wakati wowote. Ila kilichonisukuma ni kwamba nimekuwa natembea na kitu kiunoni ambacho sijawahi kujipima kama naweza kukitoa. Kulenga nilifundishwa, kusafisha nilifundishwa. Kuitoa chini ya shati hakuna aliyenifundisha.

Mazoezi yote ni makavu, na bastola halisi haimo kabisa. Imelala kwenye sefu, nayo risasi ziko kwingine. Ninayotumia ni ya mti: seremala wa Makorora kaichonga kwa mninga akifuata mchoro wa ukubwa halisi nilioupiga kwenye karatasi, unene wa kila sehemu nimeuandika pembeni. Nimeipaka rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti, jirani akichungulia ajue ni mti. Haitoki nje ya ua.

Tatizo lake lilikuwa uzito. Bastola kama Glock 17 ikiwa na magazini tupu ni kama gramu 700, na ukiijaza risasi zake 17 inapita gramu 900. Mninga ulikuwa mwepesi mno, ukiuvuta unaruka. Nikashuka Deep Sea asubuhi boti zinapoingia, nikanunua chubwi za kuvulia, zile za madini ya risasi, kwa mvuvi mmoja aliyedhani nakwenda kuvua changu. Seremala katoboa mpini kwa keekee, tukazishindilia humo na gundi. Sasa ina uzito wa kueleweka, na uzito uko chini, kwenye mpini, kama inavyokuwa magazini ikijaa.

Aprili, mvua haijakata

Saa. Wapiga shabaha wana kifaa chao: kinatoa mlio baada ya muda usiotabirika, kisha kinasikia mshindo wa risasi na kuandika muda. Mti haupigi mshindo, kwa hiyo nimepakua programu ya simu yenye milio miwili, wa kuanzia na wa kumalizia. Nafasi kabla ya mlio wa kwanza nimeiacha ibadilike yenyewe kati ya sekunde 2 na 5. Ikiwa ileile kila mara, mwili unaizoea, unaanza kabla haujaitwa, na mtu unajiona una kasi ya umeme. Kusikia tu na kuanza kutikisika kunakula kati ya sekunde 0.15 na 0.2 kwa mtu wa kawaida, na hapo hakuna mazoezi yatakayokuokoa sana.

Mlio wa pili unakuambia umechelewa, lakini haukuambii umechelewea wapi. Hilo limejibiwa na mpwa wangu. Kaegemeza simu kwenye ndoo iliyopinduliwa, karekodi video ya picha 60 kwa sekunde, halafu tukakaa kwenye jamvi tukaisogeza picha moja moja. Kila picha ni kama sekunde 0.017. Nilikuwa nimeamini mkono wangu wa kulia ni mzito. Daftari linasema hivi kwa ule mchomoo wa kati, si mbaya wala si mzuri:

kusikia na kuanza, 0.3
kuliondoa shati, 1.1
kuushika mpini sawasawa, 0.6
kuitoa na kuugeuza mtutu mbele, 0.4
kuinyoosha mpaka itulie, 0.5

Jumla 2.9. Tazama mstari wa pili na wa tatu: sekunde 1.7 zimeteketea na mti bado uko ndani ya ala, mfuko wa bastola kiunoni. Mkono wa kulia hauna hatia. Yote niliyokuwa nimepanga kuhusu kunyanyua vitu vizito na kukimbiza mkono nimeyafuta. Kazi iko kiunoni.

Mei

Mkanda kwanza, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapo. Mkanda niliokuwa nao ulikuwa wa mtumba kutoka Tangamano, mzuri kwa macho, laini. Kwenye video unaonekana: mkono unavuta, mkanda unapanda pamoja na ala yenyewe karibu vidole viwili, halafu ndipo mti unachomoka. Hapo unavuta suruali.

Nimekwenda Ngamiani kwa fundi wa makubazi. Hajawahi kushona ala ya bastola, lakini anaijua ngozi kuliko yeyote ninayemfahamu mjini hapa. Kanishonea mkanda wa ngozi mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, uzi umepakwa nta. Ukiushika kwa ubavu na kuunyoosha hewani haulali.

Ala imechukua muda zaidi, na niseme ndiyo sehemu ya mradi huu iliyonifurahisha kuliko zote. Fundi alichagua ngozi ya ng'ombe yenye unene wa kati ya milimita 3 na 4, akaikata vipande viwili, akavishona, kisha akailoweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ikalegea. Tukaufunga mti kwa mfuko wa nailoni, tukausukuma ndani. Hapo ndipo alipoonyesha ufundi: kwa mpini wa kijiko cha mfupa alianza kuikandamiza ngozi taratibu, akifuata kila kona, hasa pale penye kiwambo, ule ukingo unaozunguka kifyatulio. Ngozi ikazama, ikachukua umbo. Nilitaka ianikwe juani ikauke upesi, akanikatalia: "Mzee, jua litaipasua. Iache kivulini, chumvi ya bahari yenyewe inatosha kuitesa."

Masharti yangu kwake yalikuwa matatu, na yote ni ya usalama kabla ya kasi. Kiwambo kifunikwe chote, kidole wala kitambaa kisiweze kupenya. Mdomo wa ala usinywee bastola ikitoka, maana mdomo ukijifunga utalazimika kuufungua kwa mkono wa kushoto wakati wa kurudisha, na mkono huo utapita mbele ya mtutu. Na mpini ubaki wazi kiasi cha vidole vyote kuukumbatia bila kugusa ngozi. La pili alilitatua kwa kushona utepe wa bati jembamba katikati ya ngozi mbili kuzunguka mdomo, ufundi alioutoa kwenye visigino vya viatu.

Nafasi ya kuivaa: nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, ndani ya suruali. Wapo wanaovaa mbele chini ya kitovu, na kwa saa ni kweli njia hiyo ina haraka zaidi. Mimi nina kitambi, naendesha pikapu, na sitaki mtutu uelekee mapajani nikikaa. Sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Mei mwishoni

Shati. Hapa ndipo nimekaa muda mwingi, na hapa ndipo muda mwingi umerudi.

Shati la vifungo likiachwa wazi mbele linaondolewa kwa mkono mmoja: mkono wa kulia unalipangusa kuelekea nyuma na kudakia mpini kabla halijarudi. Wanaolivaa hivyo hutia kitu kizito mfukoni upande ule ili lipeperuke mbali. Nimejaribu kwa sarafu za shilingi 200 zilizofungwa kwenye kitambaa, inafanya kazi. Lakini nani Tanga anatembea na shati wazi juu ya fulana mchana wa joto hili? Kujificha maana yake ni kuvaa kama watu wanavyovaa. Kwa hiyo ni shati lililofungwa vifungo, limetolewa nje ya suruali, na hilo linataka mikono miwili.

Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi ngumu. Unavuka tumbo, unakamata pindo kwa ngumi nzima, si kwa ncha za vidole, unalipandisha moja kwa moja mpaka karibu na kwapa la kulia. Juu kabisa. Ukiishia mbavuni, pindo la nyuma linaanguka katikati ya kiganja na mpini, unachomoa bastola na nguo pamoja. Kwenye video kosa hilo linaonekana mapema sana kabla ya kulihisi mkononi: kitambaa kinaingia chini ya kidole gumba. Tangu niliposhika ngumi nzima na kuvuta mpaka juu, mstari wa 1.1 umeshuka ukakaribia 0.6.

Kitambaa nacho kina neno. Kitenge kipya chenye wanga ni kigumu, kinanyanyuka chote kwa pamoja, haking'ang'anii. Shati jepesi la poliesta likilowa jasho linaganda mgongoni, na kulibandua ni shughuli. Pamba iliyofuliwa mara nyingi iko katikati. Urefu: pindo lipite ala kwa kiganja kimoja, basi. Refu kuliko hapo unavuta kitambaa cha bure.

Mama watoto kaangalia kapu la nguo akasema, "Baba watoto, mapindo yote yamekuwa kama magunia ya mkonge. Utavaa nini harusini?" Tumekubaliana kuna shati la mazoezi, mengine hayaguswi.

Juni, kusi

Upepo wa kusi umeingia, na una somo lake. Nilitembea jioni upande wa Raskazone, mti ukiwa nyumbani na ala tupu kiunoni, mpwa akinitazama kutoka nyuma. Upepo wa bahari unalibandika shati mwilini upande mmoja na kulipeperusha upande wa pili. Kasema umbo la ala linajichora kila nikigeuka. Nikiwa na shati la maua maua au la mistari halionekani. Shati jeupe la rangi moja ndilo linalonisema.

Kuna mzee wa barazani, mstaafu wa jeshi, tunamwita Afande mpaka leo. Nilimweleza mradi huu kwenye kahawa. Kwake bastola ni silaha ya ofisa, inakaa nje ya sare kwenye ala yenye kifuniko, na yeyote aione. "Ukiificha," alisema, "umeamua tangu mwanzo kuwa utachelewa." Ana hoja. Kuificha kuna bei yake, na bei hiyo sasa naijua kwa sekunde. Lakini mnunuzi wa machungwa anayetembea na bastola nje sokoni Muheza atakuwa amejitangaza kwamba ana fedha, na wa kwanza kushambuliwa atakuwa yeye, tena kwa nyuma.

Afande aliponiona naifanya pale uani alikaa kimya, kisha akaniuliza kidole changu cha shahada kiko wapi wakati bastola inapanda. Nilimwonyesha: kimenyooka ubavuni mwa mti, nje ya kiwambo, mpaka macho yawe yameiona karatasi. Akaitikia kwa kichwa na kuagiza kashata. Amri hiyo ya kidole ni moja ya kanuni nne ambazo Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani, alizieneza: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu, kidole nje mpaka umelenga, na ujue kilicho mbele na nyuma ya shabaha yako. Cooper huyohuyo ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa IPSC, shirikisho la mchezo wa bastola lililoanzishwa mwaka 1976. Mwaka 1996 wakazaliwa IDPA, chama kingine cha mchezo wa bastola, ambao kwenye mashindano yao mtu huchomoa kutoka chini ya nguo. Nadhani ndiyo maana mbinu nyingi za shati ninazozijua zimetoka kwa watu wa mchezo kuliko kwa askari. Askari mwenye sare hana shati la kuliondoa.

Juni, kusi bado

Leo tumepima kitu ambacho saa ya simu haikipimi. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala kuhusu umbali. Alipima watu wakikimbia futi 21, yaani karibu mita sita na nusu, na akaona mtu wa kawaida anazimaliza kwa kama sekunde moja na nusu. Futi 21 zikaja kugeuzwa na wengi kuwa mstari mtakatifu, kana kwamba mwenye kisu akiwa futi 22 uko salama. Yeye alikuwa anapima muda tu.

Mpwa alisimama getini pekupeku. Anacheza winga kwenye timu ya mtaa, kwa hiyo si mtu wa kawaida. Mimi barazani, mti kwenye ala, shati limeufunika. Makubaliano: aanze anapotaka, anigonge kifuani kwa kiganja. Sakafu ya saruji ilitoa sauti ya nyayo nne au tano hivi, nikawa nimelikamata pindo, ngumi iko mbavuni, na kiganja chake kimeshafika. "Umekufa, mjomba." Tukarudia mpaka akachoka. Nikisimama palepale, hata ule mchomoo wangu mzuri kabisa unatoka sare.

Kilichobadilisha mambo ni miguu. Nikipiga hatua mbili za haraka pembeni, nyuma ya nguzo ya baraza, huku mkono wa kushoto unapanda na pindo, analazimika kugeuka, na kugeuka kunampotezea muda ambao mikono yangu isingeupata kwa mazoezi ya mwaka mzima. Kwa saa, mchomoo wa kutembea ni mbaya zaidi: unaongeza kama sekunde 0.2. Kwa kiganja cha mpwa, ndio pekee unaofaulu. Nimeanza kuuandika kwenye safu yake peke yake, sitauchanganya na ule wa kusimama.

Ijumaa

Kanzu. Nilitaka kujua, nikajua. Kuchota kanzu kutoka magotini mpaka juu ya nyonga, na koti juu yake, kunapita sekunde nne, na nusu ya mara kanzu inashuka tena kabla mpini haujashikwa. Hakuna ufundi hapo. Siku ya kanzu bastola inabaki kwenye sefu, nayo ndiyo siku ambayo sina fedha za watu. Mjadala umekwisha.

Julai

Nimejaribu pia nikiwa nimekaa kwenye pikapu, injini imezimwa, geti limefungwa. Mkanda wa usalama unapita juu ya pindo, kiti kinaibana ala kwa nyuma, na usukani unakatiza njia ya mkono. Sikuona haja ya kuendelea kupima. Ndani ya gari, mbele kukiwa wazi, barabara ya Muheza, kinachoniokoa ni pedali ya mafuta.

Mstari wa tatu, kushika mpini, ulikuwa umekwama kwenye 0.5 na ulikataa kushuka kwa wiki kadhaa. Uliteremka nilipoacha kuukimbilia. Mkono wa kulia ulikuwa unafika kwa kasi, unagonga mpini, halafu unahangaika kujipanga. Sasa unafika na kidole gumba kikiwa kimebonyezwa kifuani, unateleza chini kwenye mbavu mpaka unakutana na mgongo wa mpini, juu kabisa, na hapo unafunga mara moja. Namna ulivyoshika ndani ya ala ndivyo utakavyoshika mpaka mwisho. Ukishika vibaya na kurekebisha hewani, muda unaochukua kurekebisha ni mkubwa kuliko uliouokoa. Nikaweka mlio wa pili kwenye sekunde 2.0 na kukaa hapo bila kuushusha mpaka kila mshiko ukawa safi. Kisha 1.9, kisha 1.8.

Video ya wiki hii, mchomoo wa kati: kusikia 0.25, shati 0.5, mshiko 0.3, kutoa na kugeuza 0.25, kunyoosha 0.4. Jumla 1.7. Bado 0.2 za kutafuta, na nadhani zote ziko palepale kwenye pindo. Sina ndoto za Ed McGivern, yule Mmarekani aliyefyatua risasi tano za rivolva kwa sekunde 0.45 mwaka 1932. Yeye alikuwa na rivolva tayari mkononi, mimi nina kitenge.

Kurudisha kwenye ala hakupimwi na hakutapimwa. Nainua pindo, natazama mdomo wa ala kwa macho, nahakikisha hakuna kitambaa ndani, kidole kiko nje, ndipo naingiza polepole. Ajali nyingi za watu wanaojifunza kuchomoa hutokea wakati huu, pindo likinasa kwenye kiwambo. Mpwa alipendekeza tuweke mlio wa tatu kwa ajili ya kurudisha. Nimemkatalia.

Linalofuata ni uwanja wa shabaha, kwa silaha halisi na chini ya mwalimu, nikishapangiwa siku. Mchomoo utaanza bila risasi hata huko, kwa sababu nataka kwanza kujua kama ala iliyokandwa kwa mti inaishika chuma vilevile. Mninga una msuguano wake na chuma kina wake. Fundi ameniambia nimpelekee ala hiyo kabla, aipake mafuta ya nazi kidogo kwa nje, na apunguze kwa kisu ule ukingo unaogusa kidole changu cha kati. Karatasi ya kwanza nitaipiga kwa mwendo wa sekunde tatu, na saa itazimwa.